Nilikatizwa Katikati ya Kulaani

Shuaib Athman,
Fundi wa Mashine za Boti,
Mkomani, Lamu.
Jumanne, baada ya alasiri.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wapinga Vita,
Mkomani.

Bi Mwenyekiti Umulkheir, na pia Mwalimu wangu wa darasa la nne,

KUH: SENTENSI YANGU AMBAYO HAIKUMALIZIKA

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima na lile goti lako limepoa. Mimi mwili wangu hauna neno, ila kwa wiki tatu sasa nimekaa ndani ya kumbukumbu za Kamati yetu nikiwa muungaji mkono wa magaidi wote, na kwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye wajukuu, hali hiyo inaondoa hamu ya kula.

Ningeweza kuja kwako kwa miguu. Toka kwangu hadi kwako ni vichochoro viwili. Lakini kila nikisimama mbele yako narudi kuwa mtoto wa miaka kumi, naanza kupapasa mifuko nikitafuta kalamu. Kwa hivyo naandika, na ombi langu la kwanza ni uisome barua hii hadi mwisho bila kugonga kengele.

Kwa kuwa itawekwa kwenye faili, na faili zetu siku hizi zinasomwa na watu tusiowatarajia, nitaeleza mambo toka mwanzo. Kamati yetu iliundwa kupinga vita. Tulikubaliana kwamba mabomu hayamalizi ugaidi, na kwamba anayepinga vita sharti aweze kusema ugaidi watoka wapi, la sivyo ataulizwa: haya basi, wewe dawa yako ni ipi? Ndipo ukaandika ajenda moja ubaoni, kwa chaki, kwa ule mwandiko wako mzuri: "Vyanzo vya ugaidi: tuvijadili vipi?" Ajenda hiyo imekaa ubaoni mikutano minne. Hatujaifikia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu mkutano wa kwanza. Bi Nyaguthii, mwalimu wa shule ya upande wa Mokowe, ambaye huvuka maji kila Jumamosi kuja kukaa nasi, aliuliza swali fupi: "Kwa nini kijana anaacha nyumba yao anaenda msituni?" Hilo tu. Kabla hajakaa, Bwana Kamaludin muuza halua akasimama. "Mbona wauliza kwa nini? Wawatetea?" Bi Nyaguthii akasema hatetei mtu, anauliza. Bwana Kamaludin akasema mwenye kuuliza sababu atafuta udhuru, na mwenye kutafuta udhuru yu ndia moja na mwenye kosa. Wewe, kwa hekima yako, ukatoa kanuni: kuanzia siku ile, mtu akitaka kutaja sababu yoyote ya ugaidi, kwanza aulaani. Nilipiga makofi. Hadi leo nayapiga. Kasoro ya kanuni hiyo ni moja, nayo ni kwamba haikusema alaani kiasi gani.

2. Kuhusu mkutano wa pili. Bi Nyaguthii alilaani kwa sentensi mbili, akataka kurudi kwenye swali lake. Bwana Kamaludin akamwambia sentensi mbili ni za kumlaani paka aliyeiba kichwa cha samaki. Akalaani yeye, ili tuone mfano. Alilaani dakika thelathini na nane. Alianza na ugaidi wa hapa kwetu, akaenda kwa wa nti za mbali, akarudi kwa maharamia wa zamani, akapitia kwa wezi wa nazi, akamalizia na jirani yake amwagaye maji ya kufulia toka juu bila kutazama nani yuko chini. Alipokaa, nusu yetu tulikuwa tumetokwa na machozi na nusu tulikuwa tumesinzia. Toka hapo hakuna aliyethubutu kulaani chini ya nusu saa, kwa kuchelea kuonekana ana jamaa huko. Bi Mwanamkisi wa duka la kanga aliishia dakika ishirini na mbili kwa ajili ya kikohozi, na mpaka sasa watu wakiingia dukani kwake hutazama nyuma kwanza.

3. Kuhusu mkutano wa tatu, ambapo zamu ilikuwa yangu. Nilijitayarisha siku tano. Niliandika kurasa sita kwa lugha ya juu, maana nilijua utasikiliza, na wewe ndiye uliyenipa alama tatu kwa kumi katika insha ya "Mvua Ilivyonyesha". Mke wangu Huwaida, niliyemsomea kwanza, alinishauri: "Shuaib, hilo neno la kukamatwa litie mbele." Nikamwambia sentensi nzuri huweka kitendo mwisho, ndiyo utamu wake. Nikasimama. Nikasafisha koo. Nikaanza hivi:

"Mimi Shuaib, mbele ya Mola na mbele ya Kamati hii, bila kulazimishwa na mtu, naunga mkono magaidi wote, wa bara na wa pwani, wakubwa kwa wadogo..."

Hapo ukagonga kengele ya chai.

Maneno yaliyobaki yalikuwa sita: "wakamatwe, washitakiwe na wahukumiwe kwa haki." Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Sikuyasema, kwa kuwa ulitufundisha kwamba kengele ikilia mdomo hufungwa, na mimi somo hilo ndilo pekee nililolishika vizuri. Nilikunywa chai nikiwa na maneno sita mdomoni. Kaimati zilikuwa nzuri. Tuliporudi ukasema muda wangu umekwisha.

4. Kuhusu kumbukumbu. Katibu wetu, Bi Sundus, ni binti mwaminifu asiyeongeza wala kupunguza. Ameandika: "Bw. Shuaib alisema anaunga mkono magaidi wote, wa bara na wa pwani, wakubwa kwa wadogo. Chai ililetwa. Wajumbe walifurahi." Nilimfuata nikamweleza kwamba wajumbe walifurahia chai, na kwamba mimi nilikuwa njiani kuelekea kwingine kabisa. Akanijibu kwa adabu: "Mzee, mimi naandika kilichosemwa. Ulichokuwa unataka kusema sina pa kukiandika."

5. Hapa nakiri kosa langu, nalo ni dogo. Katika mkutano wa nne kumbukumbu zilisomwa ili zithibitishwe. Nilikuwa nimesahau miwani, na Bi Sundus husoma kama mtu anayekimbizwa na mvua. Ulipouliza nani anathibitisha, Bwana Kamaludin alipendekeza, nami, kwa heshima tu, nikanyoosha mkono nikaunga mkono, nikatia sahihi. Kwa hivyo sasa nimeunga mkono mara mbili, na mara ya pili kuna sahihi yangu.

6. Kuhusu pampu. Naomba hapa usome polepole.

Watu wa Ndau wana boti moja ya kijiji, ya kupelekea wagonjwa na waja wazito hospitali. Mwezi uliopita mashine yake ilizimika. Niliifungua nikakuta pampu ya mafuta imekufa, nikaagiza nyingine, ikaja kwa basi hadi Mokowe. Nilivuka kwenda kuichukua. Nikirudi nayo, pale gatini nikasimamishwa na afisa wa usalama aitwaye Inspekta Jabez, mtu wa bara, mrefu, mwenye faili kwapani. Ndani ya faili mlikuwa na kumbukumbu zetu. Ni wewe uliyeziambatisha kwenye ombi la kibali cha mkutano wa hadhara, ili kuonyesha jinsi tulivyo watu wa amani.

"Wewe ndio Shuaib?"

Nikamwambia ndimi.

"Hapa imeandikwa unasapoti magaidi wote. Ni ukweli?"

Nikamwambia ni kweli imeandikwa, ila sentensi haijaisha. Akaniuliza itaisha lini. Nikamwambia hilo sharti nimwulize Mwenyekiti.

Kisha akatazama kifurushi. "Na hii ni nini?" Pampu, nikasema. "Ya kupampu nini?" Mafuta. Akaliandika neno mafuta, akalipigia mstari chini mara mbili. Mimi akaniacha nipande boti. Pampu akabaki nayo, mpaka sentensi yangu imalizike rasmi, kwa barua yenye mhuri wa Kamati.

Siku tatu zilizopita mwanamke mmoja wa Ndau alishikwa na uchungu, wakampeleka kwa mtumbwi, wanaume wanne kwenye makasia. Walifika, alhamdulillahi, na mtoto wa kike yu salama. Lakini nimeambiwa kuna wengine wawili miezi imetimia, na makasia si mashine.

7. Nimetolewa kwenye kundi letu la WhatsApp. Aliyenitoa ni wewe. Bi Nyaguthii akanirudisha. Ukanitoa tena.

8. Usidhani, Mwalimu, kwamba nimekaa tu nikilalamika. Nimejirekebisha. Zamani mashine ikiletwa imezimika, nilikuwa naifungua na kutafuta sababu. Sasa nimeelewa kwamba huko ni kuitetea. Siku hizi naiweka kwenye stendi, nailaani robo saa mbele ya mwenyewe, ndipo nashika spana. Mara nyingi nikimaliza namkuta mwenyewe keshaondoka nayo. Wiki hii nimelaani mashine saba. Hakuna hata moja iliyowaka, lakini hakuna mtu Lamu nzima anayeweza kusema Shuaib anatetea mashine mbovu.

9. Namba tisa niliiandika kwa hasira kuhusu Bwana Kamaludin na halua yake. Huwaida amenishauri niiondoe. Nimeiondoa, lakini nafasi yake nimeiacha ili ajue ilikuwepo.

Kwa sababu hizo (na ninalilaani neno hilo kabla sijaendelea), naiomba Kamati yafuatayo.

Kwanza, maneno yangu sita yaingizwe kwenye kumbukumbu, kwa herufi kubwa, na pampu ya Ndau iachiliwe.

Pili, kulaani kuwe na kipimo, kama vile kuna kipimo cha mafuta ya taa. Napendekeza iwekwe saa ya ukutani. Anayetaka kutaja umaskini alaani dakika arobaini. Anayetaka kutaja dhuluma za ardhi, saa moja na nusu. Anayetaka kutaja majeshi kuvuka mipaka, aanze kulaani toka alfajiri na aje na chakula chake. Kama jua litakuchwa kabla hajaitaja hiyo sababu, hiyo ni qadari, hatuna la kufanya.

Tatu, iundwe kamati ndogo ya kuchunguza waliolaani bila kukunja uso. Nimewaona wawili. Mmoja alikuwa anatabasamu, ingawa anasema ndivyo meno yake yalivyo.

Nne, maneno "sababu", "chanzo" na "kwa nini" yapigwe marufuku ukumbini, na badala yake tuseme "lile jambo". Marufuku hiyo isiishie kwa watu wazima. Watoto wa miaka mitatu huuliza kwa nini kutwa kucha, na hakuna anayewachunguza. Mimi nimeanza na mjukuu wangu. Jana aliniuliza kwa nini bahari ina chumvi, nikamwambia kwanza ailaani chumvi. Alilia, lakini hajauliza tena kitu chochote, na nyumba imekuwa na utulivu ambao kwa kweli unaniogopesha kidogo.

Tano, jina letu libadilishwe. Mpinga vita huulizwa maswali magumu: sasa tufanye nini, tuanzie wapi, nani tuzungumze naye. Mwenye kulaani haulizwi kitu. Hulaani, akashukuriwa, akanywa chai. Tujiite Kamati ya Walaani, Mkomani. Tutaishi kwa raha.

Sita na la mwisho, ile ajenda ifutwe ubaoni. Kama mkono wako unaona vigumu kuifuta, nitakuja kuifuta mimi. Nilikuwa mfuta ubao wako mwaka mzima na hukuwahi kulalamika.

Najua utasema nimezidi. Lakini fikiria: mambo yote haya, kutolewa kwenye kundi, pampu, makasia, yametokea kwa kuwa kulaani kwangu kulikatizwa. Kungekamilika, nisingekuwa na shida. Kwa hivyo msimamo wangu, ambao sitaubadilisha, ni kwamba pasitajwe sababu yoyote ya ugaidi na mtu yeyote mpaka kulaani kuishe, na kulaani kwa kweli hakuishi.

Nisalimie Bi Sundus, umwambie sina kinyongo na mwandiko wake. Nisalimie Bi Nyaguthii akivuka Jumamosi, na Bi Mwanamkisi na kikohozi chake. Bwana Kamaludin naye msalimie, salamu fupi. Huwaida anakusalimu na anauliza sahani yake ya udongo. Waliobaki wote, wakubwa kwa wadogo, wapokee salamu zangu, nami safari hii namaliza sentensi: wawe na afya njema.

Mwanafunzi wako mtiifu na mjumbe wako mwenye dhiki,

Shuaib Athman

Nyongeza, Alhamisi asubuhi.

Mwalimu, barua ilikuwa bado iko kwangu, natafuta bahasha, Inspekta Jabez alipotokea karakana jana adhuhuri. Alikuwa peke yake, hana faili. Pampu alikuwa nayo mkononi. Nilisimama wima nikaanza, "Mimi Shuaib, mbele ya Mola..." Akanizuia.

"Mzee, achana na hiyo. Nimekuja kukuuliza kitu, na sio mambo ya kazi."

Akageuza debe, akakaa juu yake. Kisha akaniuliza: "Wewe unafikiria ni kwa nini wanaenda?"

Nikamuuliza mbona aniulize mimi. Akasema kwenye zile kumbukumbu zetu kuna mwanamke aliyeuliza swali hilo mkutano wa kwanza, na amezisoma zote akitafuta jibu, hakulipata. Amekuta laana tu, na chai. Akaniambia ana binamu yake, Fanuel, mtoto wa kanisa, aliyekuwa anaimba kwaya huko kwao. Alitoka siku moja kwenda kutafuta kazi. Baada ya mwaka wakamwona kwenye picha, ana bunduki. "Kwetu hakuna mtu anauliza. Nikiuliza, shangazi anasema namtetea. Wenzangu kazini wakijua, watasema hivyo hivyo. Miaka sita, mzee. Nimekosa mtu wa kuuliza."

Mwalimu, nilimjibu. Nilimjibu palepale, na sikulaani hata kwa sekunde moja. Nilimwambia ninalolijua: Husni wa mtaa wetu, aliyekwenda msituni, alivyosimamishwa kila juma na kuulizwa kitambulisho na askari wanaomjua kwa jina, hadi akaacha kupita walipo, na jinsi waliomchukua walivyomwita "ndugu" kabla sisi hatujakumbuka kumwita chochote. Nikamwambia pia nisilolijua, kwamba kuna waliosimamishwa mara nyingi kuliko Husni, na wako hapa, wanavua, wanaoa, wanagombana na mimi juu ya mashine zao. Inspekta akasema aliyemwahidi Fanuel kazi alikuwa anampigia simu kila siku. "Sisi tulikuwa tunampigia Krismasi," akasema.

Huwaida akaleta kahawa, akavuta kigoda, naye akasema lake, ambalo lilikuwa la maana kuliko yetu sote. Akamwambia kumjua aliyemvuta Fanuel hakumwondolei Fanuel dhambi yake, ila huenda kukamwokoa atakayefuata. Tulizungumza hadi adhana ya alasiri. Kwa kadiri ninavyoona, tulifikia ajenda yako yote, na tukaipita kidogo. Na hakuna kati yetu watatu aliyeinuka akiwapenda magaidi zaidi ya alivyokaa.

Akaniachia pampu, akaenda zake.

Alikuwa kashaondoka ndipo nikakumbuka kwamba tulisahau kulaani. Nikatoka mbio na kikoi changu hadi gatini. Boti yake ilikuwa imeshaanza safari. Nikasimama ukingoni nikapaza sauti, "Nalaani! Nalaani kabisa!" Abiria wote wakageuka. Inspekta akanipungia mkono. Mama mmoja aliyekuwa akiparuza samaki pale ngazini akaniuliza namlaani nani. Nikafikiria. Nikamwambia nimesahau. Akasema kama sina kazi basi nimshikie kapu, nikamshikia.

Pampu nimeifungua asubuhi hii, ni nzima, na sikuilaani. Boti inayokwenda Ndau inaningoja, kwa hivyo naishia hapa. Kama utaisoma barua hii mkutanoni, anzia kwenye nyongeza.